Viota vya ukingoni mwa msitu: hesabu siku, usihesabu viota

SWALI: Nasomea misitu, na kwa utafiti wangu nafuatilia viota vya ndege wanaoishi chini ya miti mikubwa, kwenye vipande vya msitu vilivyozungukwa na mashamba ya chai huku Usambara Mashariki. Nilitegemea viota vya ukingoni viharibike zaidi, lakini asilimia iliyofaulu ukingoni imezidi ile ya ndani. Je, niandike kwamba ukingo hauna madhara? Tena, niongeze viota vya bandia vyenye mayai ya kware ili nipate takwimu nyingi? – Msomaji, Muheza

JIBU: Usiandike hivyo kwanza. Kabla hujagusa hitimisho, fungua daftari lako la porini uangalie jambo moja: kila kiota ulikikuta katika hatua gani? Kilikuwa kinajengwa, kina mayai, au tayari kina makinda?

Nauliza kwa sababu ukingoni mwanga ni mwingi, njia zipo, na wazazi wanaobeba wadudu kwenda kulisha makinda wanaonekana kirahisi. Kwa hiyo viota vingi vya ukingoni hugunduliwa vikiwa vimeshavuka siku nyingi za hatari. Vile vilivyoliwa mapema, mayai yakiwa bado mabichi, hukuviona kabisa, na havimo katika asilimia yako. Ndani ya msitu unatafuta polepole, unamfuata jike akibeba majani makavu, unakuta kiota tangu siku ya kwanza na unashuhudia hasara zake zote. Ukilinganisha makundi hayo mawili kwa asilimia tupu, ukingo utapendelewa.

Dawa yake ilitolewa na mtafiti wa ndege Harold Mayfield tangu 1961, na bado inafaa: usihesabu viota, hesabu siku ambazo viota vilikuwa chini ya uangalizi wako. Tuchukulie mfano wa kubuni. Ukingoni una viota 10, vyote umevikuta na makinda, jumla ya siku za uangalizi ni 70, na vinne vimepotea. Ndani una viota 10 ulivyovikuta vikijengwa au mayai yakianza kutagwa, jumla ni siku 200, na sita vimepotea. Kwa asilimia tupu, ukingo umefaulu kwa 60 na ndani kwa 40. Sasa gawanya vilivyopotea kwa siku. Ukingoni hatari ni 4 kwa 70, karibu 0.057 kwa siku. Ndani ni 6 kwa 200, yaani 0.03. Ikiwa ndege huyo anahitaji siku 28 tangu kutaga hadi makinda kuruka, kiota cha ukingoni, ambacho nafasi yake ya kupona kila siku ni 1 toa 0.057, yaani 0.943, kina nafasi ya 0.943 kwa kipeo cha 28, karibu asilimia 19. Cha ndani ni 0.97 kwa kipeo hichohicho, karibu asilimia 43. Picha imegeuka kabisa, na hakuna kiota hata kimoja kilichoongezwa wala kupunguzwa.

Angalizo: hesabu hii inachukulia kwamba hatari ni ileile kila siku. Wakati wa makinda mara nyingi haiwi sawa na wakati wa mayai, kwa hiyo zitenganishe hatua hizo mbili kila moja na hesabu yake. Kiota kikipotea kati ya ziara mbili, weka tarehe ya upotevu katikati. Ukiwa na kompyuta, programu ya MARK ina sehemu maalumu ya uhai wa viota, nayo itakuruhusu kuingiza umbali kutoka ukingoni, ukubwa wa kipande na urefu wa kiota kutoka ardhini kwa pamoja.

Hayo matatu sikuyataja ovyo. Watafiti William Newmark na Thomas Stanley walichapisha mwaka 2011 kazi yao ya hapohapo Usambara Mashariki. Katika spishi nane za kawaida walizolinganisha, saba zilipoteza viota zaidi kwenye vipande kuliko kwenye msitu uliounganika, na viota vya umbo la kikombe ndivyo vilivyoumia zaidi. Kisha wakachambua viota 1,272 vya misimu sita, wakaona kwamba yanayotawala ni ukubwa wa kipande, umbali kutoka ukingoni na urefu wa kiota. Ukubwa wa kipande ulikuwa na uzito karibu mara mbili ya mengine. Kwa hiyo hata "ndani" yako inahitaji kuhojiwa. Katika kipande cha hekta mbili, kiota hakiwezi kuwa mbali na chai hata kiwekwe katikati kabisa.

Lakini usiende na jibu mfukoni. Ng'ambo ya mpaka, kwenye Milima ya Taita nchini Kenya, viota vya Pogonocichla stellata vilifuatiliwa kati ya 2004 na 2007. Huyu ni yule ndege mdogo mwenye tumbo la njano na doa jeupe mbele ya jicho. Zaidi ya asilimia 70 ya viota vililiwa, na kinyume cha matarajio, hatari ilipanda kutoka vipande vidogo vilivyochakaa kuelekea vile vikubwa vyenye msitu mzuri. Kwangu mimi, sababu inapatikana kwa mlaji, yaani mnyama anayekula mayai na makinda. Nyoka, kima, panya, nguchiro na kipanga hawafuati ukingo kwa namna moja. Wapo wanaoingia kutoka shambani, na wapo wakazi wa msitu ambao msitu ukichakaa wanapungua pamoja na ndege. Kwa hiyo matokeo yako yakibaki vilevile hata baada ya kuhesabu siku, yaandike bila woga, na ueleze ni walaji gani waliopo kwenye vipande vyako.

Ndiyo maana sikushauri viota vya bandia. Yai la kware lisilo na mzazi halina joto, wala hakuna ndege anayekwenda na kurudi, na nyoka wengi hawalijali. Panya wadogo hushindwa kulivunja, ilhali yai dogo la ndege wa msituni wangelila. Utapata takwimu nyingi za walaji wasio sahihi. Fedha hiyo nunua kamera mbili tatu za kujiwasha zenyewe, uzifunge mbali kidogo na viota halisi wakati mayai yameshaatamiwa siku kadhaa, mzazi asije akakikimbia kiota. Na unapokagua, pita kando ya kiota uendelee na safari. Usifyeke njia inayoishia hapo, maana nguchiro huifuata.