Muulize Daktari: Wakitoa goita, sauti yangu itabaki?

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi ni mwalimu na pia naimba soprano kwenye kwaya. Nina goita ya siku nyingi, sasa imeanza kunibana nikimeza na nimeambiwa nitolewe tezi nzima ya shingoni (thairoidi). Kwenye fomu ya operesheni nikakuta wameandika "kupoteza sauti", nikaishiwa nguvu kabisa sijasaini mpaka leo. Hivi hizo neva za sauti hazilindiki? Halafu nasikia kuna mashine ya kuzilinda, je hospitali isiyo nayo niikimbie?
Mwalimu soprano

JIBU: Marahaba mwalimu. Umefanya vizuri kuisoma, wengi wanasaini huku wanaangalia saa.

Neva zinazotuhusu ziko nne, mbili kila upande. Ile inayoogopwa zaidi ina njia ya ajabu kweli, inashuka shingoni ikiwa ndani ya neva kubwa iitwayo vagasi mpaka chini, kushoto inajitenga na kuzunguka chini ya mshipa mkuu wa aota kifuani, kulia inazunguka chini ya mshipa wa damu unaoelekea mkononi, halafu inapanda tena juu kati ya bomba la hewa na umio, inapita nyuma ya tezi kabisa ndo inaingia kwenye zoloto (kisanduku cha sauti) kuendesha nyuzi za sauti. Ni nyembamba, milimita moja au mbili hivi. Na sentimita zake za mwisho ndo balaa, maana pale tezi imeshikamana na bomba la hewa kwa kano ngumu, daktari akiivuta tezi aitoe na neva inavutika nayo. Watu wanadhani neva huwa inakatwa na kisu, kumbe mara nyingi imevutwa tu, au imepata joto la kifaa cha umeme cha kuzuia damu, ukiitazama kwa macho iko nzima lakini haifanyi kazi.

Sasa inalindwaje? Kwa kutafutwa mpaka ionekane. Zamani mabingwa wengi walisema ukae nayo mbali usiiguse, mpaka daktari mmoja wa Marekani, Frank Lahey, mwaka 1938 akasisitiza kinyume chake kwamba itafute kila operesheni, uione, ndo uendelee kukata. Mpaka leo huo ndo msingi. Na kuna watu wachache, kama 1 kati ya 100 au pungufu, ambao neva ya kulia haizunguki huko chini, inakatiza moja kwa moja kutoka ubavuni mwa shingo, kwa hiyo daktari anayekata kwa mazoea anaweza kuikata akidhani ni kamshipa tu ka damu.

Wewe muimbaji kuna neva nyingine nataka uitaje kwa daktari wako, maana haisemwi sana. Iko juu, inapita karibu na mishipa ya damu ya ncha ya juu ya tezi, na ndo inaendesha msuli unaokaza nyuzi za sauti ukipanda noti za juu. Ikiumia utaongea vizuri tu darasani, ila soprano imekwenda na sauti inachoka mapema. Kinga yake ni kuifunga ile mishipa mmoja mmoja, karibu kabisa na tezi, sio kuikamata yote kwa mkupuo. Mwambie kabla "naimba", usione aibu.

Mashine ipo kweli. Ile tyubu ya kupumulia ukiwa nusu kaputi inawekewa vihisio vinavyogusa nyuzi za sauti, daktari akigusisha umeme kidogo kwenye neva mashine inalia. Mimi naipenda, lakini haioni kwa niaba ya daktari, na haijathibitika wazi kwamba inapunguza majeraha ya kudumu kuliko macho na mkono uliozoea. Faida yake kubwa ni kwa mtu kama wewe anayetolewa pande zote mbili, mashine ikinyamaza upande wa kwanza daktari anaweza kusimama hapo na kuacha wa pili siku nyingine, maana neva zote mbili zikilala nyuzi zinaziba njia ya hewa na unaweza kutobolewa koo ili upumue. Kwa hiyo usikimbie hospitali kisa mashine. Uliza daktari anafanya operesheni hizi ngapi kwa mwaka (utafiti wa Marekani wa 2017 ulikuta wanaofanya zaidi ya 25 wana matatizo machache), uliza kama lazima itoke tezi nzima au nusu inatosha, na uombe nyuzi zako ziangaliwe kwa kamera kabla na baada. Kwenye mikono mizuri jeraha la kudumu ni kama 1 au 2 kati ya 100. Goita inayobana kumeza haijiondokei, ukijibiwa hayo mimi ningesaini.

SWALI: Dokta, bro wangu katolewa tezi wiki 3 sasa, sauti inakwaruza na akinywa maji anapaliwa. Ndo basi tena?

JIBU: Hapana, ila msikae tu nyumbani. Siku za mwanzo sauti kukwaruza inaweza kuwa ni ile tyubu, lakini wiki 3 na kupaliwa juu yake aende kwa daktari wa masikio, pua na koo apitishiwe kamera puani. Neva iliyovutika mara nyingi inarudi ndani ya miezi 6, wengine mpaka mwaka. Wakati anasubiri aanze mazoezi ya sauti, anywe kwa mafunda madogo kidevu kimeinama, na ikibidi kuna sindano ya kuusogeza uzi wa sauti uliolala uende katikati ili ukutane na mwenzake. Isiporudi kabisa kuna operesheni ndogo ya kuuweka hapo moja kwa moja. Ila akianza kuvuta pumzi kwa mlio, huyo wa kukimbizwa emajensi saa hiyohiyo.