"Nchi isiyo na dini": mzee wa Ujiji kakasirika, je alikosea?

SWALI: Mwalimu shikamoo. Mimi ni katibu kwenye kamati ya mtaa hapa Ujiji. Juzi kwenye kikao cha amani kijana mmoja akasema Tanzania ni nchi isiyo na dini, mzee mmoja akasimama akasema "huyu anatuita makafiri", kikao kikavurugika karibu nusu saa nzima. Sasa mimi ndo naandika muhtasari, sijui niweke neno gani. Kuna wanaoniambia niandike "nchi ya kidunia", wengine "sekula". Na je, ni sahihi kusema "dini itengwe na siasa", au niandike "kutenganisha kanisa na dola" kama nilivyosikia redioni? Naomba unisaidie kabla sijapeleka kwa mtendaji.

JIBU: Marahaba. Nianze na huyo mzee, maana nahisi kuna watu walimcheka na haikuwa haki. Kwa Kiswahili tunachoongea hapa kwetu kila siku, alichokisikia ndicho kilichosemwa. Mwezi uliopita nilikuwa kwenye daladala natoka Mwanga naenda huko huko Ujiji, konda kamshusha mama mjamzito kabla ya kituo kisa kapungukiwa shilingi mia, basi kiti cha nyuma mama mmoja akasema kwa sauti, "Huyu hana dini huyu!" Hakuna aliyeuliza konda anaswali msikiti gani au anasali kanisa gani. Gari zima lilielewa kwamba hana huruma, hana hofu ya Mungu, hana utu. Sasa mtu aliyezeeka na maana hiyo, ukimwambia nchi yake haina dini, unategemea asikie nini?

Lakini na kijana naye hakutunga. Katiba ya mwaka 1977, ibara ya 3, inasema Jamhuri ya Muungano ni nchi "isiyokuwa na dini", maneno yenyewe ndo hayo. (Isiyokuwa na, isiyo na, yote sahihi na maana ni moja, ile ndefu inapendwa na watu wa sheria.) Kwahiyo wote wawili walikuwa wanaongea Kiswahili fasaha, ila mmoja ameshika maana ya kitabuni na mwingine ya kwenye daladala, na kinachowagonganisha ni hako kaneno kadogo "na".

Ukisema mtu ana dini, dini iko moyoni mwake. Ukisema nchi ina dini ni habari nyingine kabisa, maana nchi haina moyo, haifungi, haibatizwi, haiendi hija. Nchi kuwa na dini maana yake dini fulani imeingizwa kwenye sheria na kwenye utawala. Chukua Uingereza, kule mfalme ndiye mkuu wa Kanisa la Anglikana la England na maaskofu 26 wanakaa bungeni, kwenye ile nyumba ya juu, kwa sababu tu ni maaskofu. Hiyo kwa lugha ya katiba ni nchi yenye dini, hata kama unaweza kukaa London mwaka mzima usione jirani yako anakwenda ibada. Sisi kinyume chake: kwenye Serikali ya Muungano dini haimo kwenye cheo cha mtu yeyote, ila Ijumaa mchana na Jumapili asubuhi we mwenyewe unaona barabara zetu zinavyojaa. Ndo maana ule msemo tuliokua nao, kwamba serikali haina dini lakini wananchi wake wana dini, mimi nauona umebeba kitu ambacho katiba imekisema kwa kifupi mno. Na mzee mwambie hivi, wimbo wa taifa hilo hilo lisilokuwa na dini unaanza na "Mungu ibariki Afrika". Nchi ya makafiri ingeanza hivyo? Halafu neno la mtu anayesema Mungu hayupo tunalo, ni mkanamungu, na imani yake ni ukanamungu, na katiba haikuandika hilo.

Wenzetu Kenya katika katiba yao ya 2010, ibara ya 8, wamelipita hili kwa ujanja mzuri, wanachokataa wao ni dini "ya taifa". Ukiongeza hayo maneno mawili ugomvi unapungua sana, kwa sababu sasa kinachokataliwa ni cheo, dini yenyewe haijaguswa.

Sasa hayo uliyoshauriwa. "Nchi ya kidunia" hapana, tafadhali. Muulize mlokole yeyote nyimbo za kidunia ni zipi, atakwambia ni za baa. Ukiandika serikali ya kidunia nusu ya wajumbe watasikia serikali ya anasa na nusu nyingine watadhani unasema serikali moja ya dunia nzima. "Ya kilimwengu" ina kasoro hiyo hiyo. "Sekula", yaani secular ya Kiingereza, siipingi, waandishi wanaitumia na inaeleweka chuoni, ila kwa muhtasari wa mtaa utalazimika kuieleza, na ukishaanza kuieleza umerudi pale pale ulipoanzia.

Mimi neno ninalolipenda ni isiyofungamana na dini yoyote. Sikulibuni. Waliokua enzi za Mwalimu Nyerere walisikia redioni kila leo "nchi zisizofungamana na upande wowote", zile ambazo hazikutaka kuwa mkiani mwa Marekani wala mwa Urusi. Hakuna aliyedhani nchi hizo hazina marafiki. Zilikuwa na marafiki pande zote, ila hazikufungwa kamba na mtu. Angalia pia jinsi neno lilivyojengwa, kile kiambishi -mana kinabeba maana ya vitu kushikana kwa nguvu, kama kwenye shikamana, gandamana, ndo fungamana. Kwahiyo kutofungamana na dini si kuikosa wala kuichukia. Hata hospitali ya misheni inaweza kupewa manesi wa serikali na nchi ikabaki haijafungamana, maana wanashirikiana kwenye kutibu watu, na ibada inabaki ya kanisa.

Swali lako la pili ndo lililonifanya niache kazi zingine. "Dini itengwe na siasa" usiandike hata kidogo. Kutenga peke yake ni kuweka pembeni, na mtu akitengwa ni adhabu, ndugu wamemtenga, kanisa limemtenga, haruhusiwi meza ya Bwana. Ukiandika dini itengwe umeitia hatiani. Unachokitaka ni kutenganisha. Hapo mna teng-, mna -an- ya wawili kwa wawili, halafu mna -ish- ya kusababisha, yaani kila kimoja kiachane na mwenzake na vyote vibaki. Nenda mwaloni Kibirizi asubuhi boti zikirudi. Nyavu inaleta dagaa, humo humo na vigebuka vidogo, na majani, na takataka za ziwani. Mama anayekaa pale na beseni anafanya kazi mbili kwa mkono mmoja, anachambua, yaani majani anatupa, na anatenganisha, yaani dagaa huku vigebuka kule, na vyote viwili jioni vinauzwa sokoni. Dini na siasa ni vya kutenganishwa namna hiyo. Kuna watu wanaongea kana kwamba ni vya kuchambuliwa, kimoja kiende kwenye majani, na hao siwaungi mkono.

"Kanisa na dola" nayo ina kwao. Imetoka kwenye nchi ambazo kanisa lilikuwa na nguvu za kuvika wafalme taji, na Ufaransa mpaka leo sheria yao ya 1905 inaitwa ya kutenganisha makanisa na dola. Marekani Thomas Jefferson aliandika barua mwaka 1802 kwa Wabaptisti wa Danbury akasema habari ya ukuta kati ya kanisa na dola. Kwao inaeleweka. Ila we uko Ujiji, msikitini ndo kunajaa, ukiandika kanisa na dola mtu atauliza msikiti wenyewe umeachwa kwa nani? Na "dola" hapa mtaani ni vitu viwili tu, ni vyombo vya dola, yaani polisi na wenzao, au ni hela ya Mmarekani. Andika dini na serikali, au dini na utawala wa nchi, inatosha na inawaingiza wote.

Niongeze jambo ambalo hukuuliza ila litakukuta kwenye huo muhtasari. Kuingia na kuingilia si kitu kimoja. Sheikh akiingia kwenye siasa anagombea, hiyo ni taarifa. Ukiandika sheikh ameingilia siasa umeshamhukumu, kwamba hapakuwa pake. Mwaka 2018 maaskofu Wakatoliki walitoa waraka wa Kwaresima na wa KKKT, yaani Walutheri, nao wakatoa wa Pasaka, wakaongelea mambo ya nchi, na 2023 Wakatoliki wakatoa tamko kuhusu mkataba wa bandari, na kila mara nilisoma "wameingilia" kwa wasiowapenda na "wamekemea" kwa wanaowapenda. Kwangu mimi kiongozi wa dini akikemea wizi au uonevu hajaingilia chochote, iko ndani ya kazi yake, ila akimwambia muumini ampigie kura fulani kwa sababu ni wa dini yetu, hapo neno lake tunalo siku nyingi, ni udini. Usije ukaliandika udini ukimaanisha kumcha Mungu. Huko ni uchaji. Udini ni ndugu yake ukabila, na katiba ibara ya 20 imekataa chama cha siasa kusajiliwa kwa lengo la kukuza maslahi ya dini moja.

Kwa muhtasari wako andika hivi: "Mjumbe alikumbusha kuwa kwa mujibu wa Katiba, ibara ya 3, Tanzania ni nchi 'isiyokuwa na dini'. Kikao kilifafanua kuwa maana yake ni nchi isiyofungamana na dini yoyote, na kwamba kila mwananchi ana uhuru wa kuabudu." Maneno ya katiba yaache ndani ya alama za kunukuu usiyaguse, ufafanuzi ndo wenu. Halafu kabla hujapeleka kwa mtendaji, pita kwa mzee umsomee kwanza, taratibu, na hapo penye ufafanuzi msomee mara mbili.