Jibu: Kuanza vyuma vizito baada ya kukaa muda mrefu

Mdogo wangu, umeuliza kama unaweza kuanza mara moja mazoezi makali ya vyuma na vijana wa Mwanga, wakati miaka miwili hujafanya zoezi lolote. Subiri kwanza, hata miezi miwili. Misuli hupata nguvu upesi, lakini kano zinazoishikilia kwenye mifupa huchelewa. Ndiyo maana mtu anajiona yuko fiti, halafu bega linamgomea.

Anza na mwili wako: kuchuchumaa, pushapu (zikikushinda, egemea ukuta), kutembea na ndoo mbili za maji mgongo ukiwa umenyooka. Mara tatu kwa wiki, ukipumzika siku moja katikati. Ukihamia kwenye chuma, shika nondo tupu. Ile ya mashindano ya wanaume ni kilo 20 kabla hujaweka kitu. Vile vyuma vya kujitengenezea, vyenye saruji iliyomwagwa pande zote mbili badala ya sahani za chuma, vipime kwenye mizani, maana mara nyingi upande mmoja huzidi mwingine. Ongeza kidogo kidogo, mradi mgongo haupindi. Wanaocheka waache wacheke.

Chakula kisikusumbue: dagaa na migebuka tunayo, unga wa protini wa nini? Ila kama una presha au kifua hukubana, mwone daktari kabla ya yote.