Gemu za Wakereketwa: Maswali Yenu, Majibu Yangu

Wiki mbili zilizopita niliandika hapa juu ya gemu za wakereketwa, yaani zile ambazo dukani hazikushika lakini waliozipenda hawajaziachia hadi leo. Maswali yamekuja kutoka Langoni, hapa mjini Lamu, hadi ng'ambo Mokowe. Nimechukua matano.

Sisi tunacheza PES tangu tukiwa wadogo. Mbona hukuitaja? (Kijana, Langoni)

PES, ile ya kandanda, ni gemu kubwa, ndugu yangu, lakini watu waliipokea kwa mikono miwili. Kibanda cha gemu kilijaa, aliyefungwa anampisha mwenzake, kelele hadi Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Gemu ya wakereketwa safari yake ni nyingine: kwanza hukataliwa.

Chukua EarthBound. Ilitoka Japani mwaka 1994 kwa jina la Mother 2, ikafika Marekani Juni 1995. Kampuni ya Nintendo waliitangaza kwa kusema kwamba gemu hii inanuka, wakatia na vibandiko vya kunusa kwenye majarida. Wanunuzi walikuwa wachache. Picha zake zilionekana za kitoto, na Ulaya haikuuzwa kabisa mpaka 2013.

Basi ina nini? Ina mtoto aitwaye Ness, silaha yake gongo la besiboli. Akikaa safarini muda mrefu, huanza kukumbuka kwao. Katikati ya pambano mawazo yanamwenda nyumbani, zamu yake ya kupiga inapita bure. Dawa yake ni moja: atafute simu, ampigie mamake. Aliyeitunga, Shigesato Itoi, alikuwa mwandishi wa matangazo ya biashara kabla ya kuingia kwenye gemu, na alijua neno moja dogo linavyoweza kumgusa mtu. Sisi wa Lamu, ambao kila nyumba ina mtu wake baharini, Mombasa au Uarabuni, hatuhitaji kuelezwa zaidi. Gemu yenye kitu kama hicho ikimpata mtu wake, haimtoki.

Mwanangu ana miaka 19. Simu nzuri anayo, lakini kila jioni anawasha Playstation kuukuu, gemu ile ile ya mvulana na msichana ndani ya ngome. Ameshaimaliza, anaanza upya. Nihofu? (Mama, Mkomani)

Shikamoo mama. Usihofu hata kidogo. Kwa maelezo yako hiyo ni Ico, ya mwaka 2001, kazi ya Fumito Ueda wa Japani, na kati ya gemu zote nilizowahi kuzishika ndiyo niipendayo zaidi.

Niliiona mara ya kwanza kwenye kibanda cha Langoni. CD haikuwa na kava, jina limeandikwa kwa kalamu nene ya wino. Mvulana mwenye pembe amefungiwa ngomeni, anamkuta msichana, na kazi yote ni kumtoa. Ukibana kitufe cha R1 kwenye padi, kile kidude cha kuchezea, mvulana anamshika msichana mkono. Ukikimbia, unaona mkono wa msichana umenyooka, anavutwa, nusura ajikwae, na padi inatetemeka kiganjani mwako. Ukiinua kidole umemwachia, na vivuli vinakuja kumchukua. Kwenye skrini hakuna pointi wala mstari wa kuonyesha nguvu zilizobaki. Muziki ni wa nadra, mara nyingi unasikia upepo na nyayo tu.

Halafu msichana anasema lugha ambayo mvulana haielewi, na maandishi yake hayasomeki. Siku ile kibandani walikuwemo waliojua Kiingereza na wasiojua, na kwa mara ya kwanza wote walikuwa sawa. Mtoto wa kama miaka minane akanong'ona, "Usimwachie." Mchezaji hakujibu. Kidole kilibana mpaka kucha ikawa nyeupe.

Kurudia kwake kuna sababu nyingine pia. Katika matoleo ya Japani na Ulaya, ukianza mara ya pili maneno ya msichana yanasomeka. Huenda mwanao anamsikia sasa hivi kwa mara ya kwanza. Keti naye usiku mmoja, mama, umwambie akupe padi.

Gemu mbovu inaweza kupata wakereketwa? (Msomaji, Mokowe)

Inaweza. Deadly Premonition ya 2010 ilikuwa na picha duni hata kwa wakati wake, na kuendesha gari lake ni taabu. Tovuti ya IGN iliipa 2 kati ya 10, wenzao wa Destructoid wakaipa 10 kamili, na kitabu cha rekodi cha Guinness kikaiandika kuwa gemu ya kutisha iliyowagawa wahakiki kuliko zote za aina yake. Waliobaki nayo walimpenda York, mpelelezi anayeongea njia nzima na mtu asiyeonekana. Ila ikiwa mbovu na haina chochote cha peke yake, hiyo ni mbovu tu.

Kampuni haiwezi kutengeneza gemu ya wakereketwa kwa makusudi? (Msomaji, Shela)

Haiwezi, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi hufanywa na watu isiowajua.

Gemu ya Vampire: The Masquerade – Bloodlines ilitoka tarehe 16 Novemba 2004, siku moja na Half-Life 2, gemu iliyokuwa ikingojwa dunia nzima. Ilikuwa na kasoro tele, ikamezwa. Kampuni ya Troika walioitengeneza walifunga milango mwaka 2005. Aliyeitibu ni mchezaji wa Kijerumani, Werner Spahl, ambaye ameitolea marekebisho ya bure mwaka baada ya mwaka. Na Mother 3, mdogo wake EarthBound, ilipotoka Japani 2006 bila toleo la Kiingereza, wapenzi wake wakiongozwa na mfasiri Clyde Mandelin waliifasiri wenyewe, wakaitoa 2008 bila kulipwa na mtu.

Hapa kwetu jambo hili si geni. Tenzi za Pate na Siyu hazikutufikia kwa sababu kulikuwa na duka la kuziuza. Zilitufikia kwa sababu kuna aliyeketi na kalamu ya mwanzi akanakili ubeti baada ya ubeti, na mwingine akahifadhi kwa kichwa. Nikisoma habari za wale wafasiri, hao ndio ninaowakumbuka.

Nina katoni mbili za CD za PS2 (PlayStation 2). Vijana wote wamehamia kwenye simu. Nizitupe? (Mwenye kibanda, Langoni)

Usizitupe, kaka, nakuomba sana. Sony waliacha kutengeneza mashine yenyewe tangu mwanzoni mwa 2013, kwa hiyo CD iliyopotea leo si rahisi kupata nyingine.

Zitoe kwenye katoni kwanza, maana katoni hunyonya unyevu, na hewa yetu ya chumvi haina huruma. Tafuta chombo cha plastiki chenye kifuniko, uzisimamishe wima, usizilaze moja juu ya nyingine. Zenye vumbi zifute kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, usizungushe mkono. Kadi za memori nazo usifute yaliyomo kabla ya kuyatazama, maana humo mna safari za watoto ambao sasa ni watu wazima.

Ukimaliza kuzipanga niarifu. Ijumaa baada ya alasiri nitakuja na mashine yangu, tuzijaribu moja moja.