Kuhusu zile video za miwani ya upofu wa rangi

Dada, umeuliza kama umwagizie mwanao miwani ya EnChroma ya Marekani, ile ya watu wenye upofu wa rangi, yaani wasiotofautisha vizuri baadhi ya rangi kama nyekundu na kijani, baada ya kuona zile video ambazo mtu mzima anaivaa na kububujikwa na machozi. Machozi siyatilii shaka. Ila tazama tukio lilivyopangwa: ndugu wamemzunguka, maputo ya kila rangi yako mbele yake, simu zinarekodi, na keshaambiwa ataona maajabu. Nani asiguswe?

Miwani yenyewe huchuja sehemu ya mwanga ambapo nyekundu na kijani huingiliana, ili zitofautike zaidi. Basi. Haiponyi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Granada, Hispania, waliipima wakaona haimfanyi mtu aone rangi kama wasio na upofu huo.

Kinachoniuma ni mtoto. Mdogo wangu mwenye upofu huo huzitambua nyanya mbivu kwa kuzibonyezabonyeza, na maisha yake yanakwenda vizuri. Mwanao akivaa mbele yenu nyote asione maajabu, atadhani kasoro ni yake. Mpeleke kwanza apimwe macho, kisha akitaka kujaribu, ajaribu kimyakimya bila kamera.