Farasi Anabaki, Wewe Ndiye Unayepanda Ndege

Wiki iliyopita mama mmoja alinipigia simu. Binti yake wa miaka 14 anapanda dresaji hapa Nairobi, ule mchezo wa kumwongoza farasi kwa miondoko iliyopangwa mbele ya jaji, sasa amepata nafasi katika shule ya bweni Uingereza. Maswali yake yalikuwa matatu: amuuze farasi, amsafirishe, au mtoto aachane na mchezo asome? Tuliongea saa nzima na nilipokata simu nikaona nusu ya mambo sijayasema. Nayaweka hapa.

Kwanza mjue ninaongea nikiwa nani. Mama yangu ni muuguzi, kwa hiyo msidhani nilizaliwa juu ya tandiko. Nilianza nikiwa na miaka 11 katika zizi moja mtaa wa Karen, nikizoa samadi na kupiga brashi farasi za watu kila Jumamosi, ujira wangu ukiwa nusu saa ya kupanda. Baada ya miaka miwili mwenye zizi akaniachia Shaba, jike wa rangi ya jina lake, aliyestaafu mbio za Ngong. Farasi wetu wengi wa kupanda wametoka huko huko uwanjani. Nilikaa naye hadi nilipotimiza miaka 16, nikapata ufadhili, nikaenda Uingereza kumalizia A-level, masomo ya mwisho kabla ya chuo kikuu, likizo narudi nyumbani. Miaka miwili ya hivyo. Nilifanya makosa karibu yote yanayowezekana.

Kuhusu kumsafirisha, mama, sahau. Huku kwetu kuna ugonjwa wa farasi wa Kiafrika. Virusi vyake vinaenezwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaouma jioni na alfajiri. Ndiyo maana saisi, mtunza farasi, anawaingiza farasi bandani kabla jua halijazama. Punda milia anaubeba bila hata kukohoa, farasi anaweza kufa ndani ya siku chache. Wazungu wanauogopa, na wana sababu: mwaka 1987 punda milia walioletwa kutoka Namibia waliupeleka Hispania, na haukuisha hadi 1990. Kwa hiyo kumtoa farasi Kenya kumpeleka Ulaya si suala la kununua tiketi. Na karantini haijawahi kumwonea mtu haya. Olimpiki ya 1956 ilikuwa Melbourne, lakini sheria za karantini za Australia zilikuwa kali kiasi kwamba mashindano ya farasi yalifanyiwa Stockholm, bara jingine kabisa. Kama Olimpiki ilishindwa, wewe na mimi na mkopo wa Sacco tutaweza wapi?

Basi farasi anabaki. Linalofuata ni kwamba binti atakwenda kupanda farasi wa watu, na hapo ndipo wengi huanguka, wengine kwa maana halisi.

Shaba alikuwa mwepesi. Ukiwaza troti, ule mwendo wa mchakamchaka, ameshaanza. Siku yangu ya kwanza kule nilipewa farasi wa Kijerumani aliyehasiwa, mabega yake yakiwa juu ya kichwa changu, kizazi cha farasi wanaofugwa kwa ajili ya mchezo huu. Nikamgusa kwa mguu kama nilivyozoea. Kimya. Nikaongeza kidogo. Akageuza sikio moja, nafikiri kwa udadisi tu. Nikambana sawasawa, akaondoka, na ile troti ikanirusha juu kama gunia la viazi kwenye pikipiki. Kwa kujishikilia nikakaza mikono, naye alipohisi lijamu, kile chuma cha mdomoni, limekazwa akasimama, kama alivyofunzwa. Kocha hakusema neno. Alikuja, akafungua rikabu zote mbili, zile pete za kukanyagia, akazitundika ukutani. Nilizipata tena baada ya wiki sita.

Nilikuwa mshindi wa daraja langu la mashindano Nairobi, jamani. Kumbe sikujua kupanda, nilijua kumpanda Shaba. Mzee wetu saisi alishanionya kabla sijaondoka. "Binti, farasi mmoja atakufundisha tabia zake tu," aliniambia, nami nikaitikia "ndiyo, Mzee" huku nikiwaza kuaga marafiki. Kwa hiyo mama, miezi iliyobaki kabla ya safari, mpunguzie binti muda wa farasi wake. Aombe kupanda kila mnyama aliyepo: yule mvivu wa kufundishia watoto, yule mwoga anayeruka akiona mfuko wa nailoni, poni wa jirani. Alama zake zitashuka msimu huo. Ziache zishuke.

Sasa shule, na hapa nikiri aibu yangu. Desemba ya kwanza nilikuwa nyumbani, na mwalimu akanipangia jaribio la mdomo kwa video, saa tisa asubuhi kwa saa yao ya Kizungu. Majira ya baridi Nairobi iko mbele kwa saa tatu, kwa hiyo ni adhuhuri kwetu, nikaandika kwenye daftari: "saa 6". Safi. Wiki ikapita, nikafungua daftari kichwa kikiwa kimejaa Kiingereza, nikaisoma kama saa sita yao, yaani jioni. Adhuhuri ilipofika nilikuwa juu ya Shaba nikifanya miduara ya mita 20, simu iko kwenye ndoo ya brashi ikitetemeka peke yake. Mwalimu hakuamini maelezo yangu. Hata mimi nikiyasoma leo siyaamini. Tangu siku hiyo naandika saa kwa tarakimu nne na jina la mji pembeni: 12:00 Nairobi, 09:00 London. Na mwishoni mwa Machi, Waingereza wanaposogeza saa zao, tofauti inakuwa saa mbili, basi naandika upya ukurasa mzima.

Kalenda yenyewe ianze na mitihani. Si mashindano. Mwaka wa kwanza nilifanya kinyume: Jumapili nikashindana katika madaraja mawili, tukarudi usiku na lori la farasi, Jumatatu nikaingia kwenye jaribio la Fizikia nikiwa bado nanuka jasho la farasi. Nilipata D. Mwaka wa pili nilichukua karatasi moja kubwa, nikaandika tarehe za mitihani kwa wino mwekundu, nikafuta Mei yote, ndipo nikamwita kocha achague mashindano katika nafasi zilizobaki. Alinung'unika, akachagua manne. Kabla ya hapo nilikuwa nimepanga tisa.

Jambo jingine la karatasi, maana halisemwi hadi liharibike. Mitihani ya bodi ya Cambridge inafanywa katika kituo ulichosajiliwa, na kuna saa maalumu ambayo kila mtahiniwa lazima awe chini ya usimamizi, hata kama karatasi yake imepangwa wakati mwingine siku hiyo. Huwezi kuiomba isogee kwa sababu una ndege. Na kama binti atafanya AS, sehemu ya kwanza ya A-level, shule moja kisha ahamie nyingine, matokeo yale yanaweza kubebwa kukamilisha A-level ndani ya miezi 13. Aonane na ofisa wa mitihani wa shule zote mbili mapema, apate jibu kwa barua pepe. Maneno ya kwenye korido hayahesabiki.

Wazazi pia wana haraka isiyo na msingi. Wanadhani mtoto akikosa msimu mmoja ameachwa na basi. Madaraja ya umri ya FEI, shirikisho la kimataifa la michezo ya farasi, yanahesabu mwaka wa kalenda: vijana wadogo ni kuanzia mwaka unaotimiza 14 hadi mwisho wa mwaka wa 18, waendeshaji vijana ni 16 hadi 21, na bado kuna kundi la chini ya 25. Mtihani wa Juni hauna ukarimu huo.

Mwezi ule wa mitihani ambao hapandi, afanye nini? Hili ndilo ningependa kuambiwa mapema kuliko yote: ajitolee kumwandikia jaji. Haigharimu kitu, haichoshi mgongo, na ni Jumapili moja tu. Uwanja wa dresaji una herufi pembeni: A ni mlango, C iko mkabala nayo, X ni katikati. Jaji anakaa ndani ya gari upande wa herufi C, wewe kando yake na kalamu. Anataja alama kutoka sifuri hadi 10, kisha maneno mawili matatu, nawe unaandika bila kuinua kichwa wala kutoa maoni. "6, hajanyooka." "5, amepoteza mwendo." "6, hajanyooka." Siku yangu ya kwanza niliandika "hajanyooka" hadi mkono ukauma, karibu kila mara kwenye tendo la kwanza kabisa, pale farasi anapoingia kwa A na kuja katikati hadi X. Katika mapumziko nikainua kichwa nikatazama. Kutoka C unamwona farasi anakuja usoni kwako mita zote, hata kiuno kikipinda kidogo kinaonekana kama mlango uliolegea bawaba. Juu ya tandiko nilikuwa nikihisi niko kwenye rula. Miaka mitano nilikuwa natupa alama mlangoni kabla hata ya kusalimia, na kocha wangu wa Nairobi alikuwa akisimama pembeni, mahali ambapo kosa hilo halionekani vizuri.

Herufi nazo zisimpotezee muda. Mimi nilibandika uwanja mdogo kwa selotepu kwenye sakafu ya bweni na kuutembea kwa miguu nikisubiri maji yachemke. A, K, E, H, C, M, B, F: Asha Kaenda Eldoret, Hana Chenji, Mama, Baba, Fukara. Katika mashindano ya kawaida unaweza kusomewa zoezi, lakini ya FEI yanataka kichwani.

Kwenye ndege: kofia ngumu mkononi, si ndani ya sanduku linalorushwa, kwa sababu ufa wa ndani hauonekani. Buti zioshwe na dawa, matope yasivuke mpaka. Tandiko abaki nalo farasi, limepimwa mgongo wake.

Limebaki swali la kumuuza. Sisi hatukumuuza Shaba. Mwenye zizi alimpa msichana mwingine ampande wakati sipo, tukaandikiana nani analipa daktari na nani analipa viatu vya kwato. Likizo ya pili nilirudi nikakuta wameshindana uwanja wa Jamhuri, zoezi lile lile langu. Mimi na Shaba hatukuwahi kuvuka asilimia 66. Yule mtoto alipata 68. Mzee saisi ndiye aliyenionyesha karatasi, ameikunja vizuri mfukoni, na nilinuna siku mbili kabla sijaweza kumwuliza yule msichana amefanyaje ile ya kwanza, ya A hadi X.