Leseni ninayo, wateja sina

SWALI: Shikamoo kaka, nimeacha ajira nimeanza kujitegemea kazi za umeme hapa Buswelu, Mwanza, leseni ya EWURA (mamlaka inayodhibiti huduma za nishati) ninayo ila simu haiiti. Nianzie wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Zungukia saiti zinazopauliwa, Kisesa huko na Buswelu hapo hapo, uongee na fundi ujenzi maana yeye ndo anaulizwa fundi umeme yuko wapi, na mwenye nyumba atahitaji mkandarasi mwenye leseni amsainie fomu ya wayaringi ya TANESCO. Ila nakuomba sana, nyumba ambayo hujaipima wayaringi yake usiisainie hata kwa hela nzuri, watu wanalala humo. Kazi ya soketi moja ichukue, fagia vumbi la ukuta, bandika namba yako kwenye meini swichi.